Asante kwa Kuchagua

Leseni ya Windows inaanza kwa adabu. Kuna kichwa, kuna onyo la herufi kubwa linalowahusu watu wanaoishi Marekani, halafu kampuni inakushukuru kwa kuichagua Microsoft. Hiyo shukrani nimeirudia mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara naishia kuuliza: nani alichagua, na lini?

Maanake mimi sikuchagua. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ilitoka ofisi fulani Uingereza ikapitia Nairobi ikafika Kitale, na Windows ilikuwa ndani tayari, kama shati la Gikomba linavyokuja na jina la mwenyewe wa kwanza kwenye kola. Mwenye saiba ninapochapisha kazi zangu hakuchagua pia. Wala yule msichana wa Bungoma anayejifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Sisi wote tunashukuriwa kwa jambo ambalo hatukufanya.

Sisi tunaojiita wahakiki tunahakiki riwaya, tunahakiki nyimbo, siku hizi hadi michoro ya matatu. Lakini maandishi ambayo Wakenya wengi wameyakubali kuliko riwaya yoyote ni yale yaliyo nyuma ya kisanduku cha "nimesoma na nimekubali", na sijaona mtu ameketi akayasoma kama maandishi: nani anaongea, anaongea na nani, kwa sauti gani, anaahidi nini. Basi nimeketi. Nimesoma mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Windows. Ya pili inaitwa GPL, toleo la 2, la Juni 1991. Aliyeianzisha ni Mmarekani Richard Stallman, ambaye mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU akiwa na nia ya kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao mtu yeyote angeruhusiwa kuunakili, kuuchungulia ndani na kuubadilisha. Toleo la 2 nimelichukua makusudi. Ndilo leseni ya Linux, Linux ndiyo kiini cha Android, na Android labda ndiyo iliyo kwenye simu unayosomea hapa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta taarifa za kisheria, telezesha chini sana. Utaikuta. Umekuwa ukitembea nayo mfukoni miaka yote hii.

Nianze na ile ya wenye nacho. Sentensi yake kuu ni fupi: programu hii haiuzwi, inatolewa kwa leseni. Mengine yote ni matawi ya mti huo. Ulidhani umenunua, kumbe umekodi. Unaruhusiwa kuiweka kwenye mashine moja na kuitumia. Usiifungue kuona inavyofanya kazi, usizunguke vizuizi vyake, usiikodishe. Mtindo wake si mbaya, niseme ukweli. Sentensi ni fupi, vichwa vya habari viko wazi, "wewe" na "sisi" wanaongea kama majirani. Ni sauti ya karani wa benki mwenye tabasamu. Ila ukisoma polepole unaona kwamba huyu "wewe" hafanyi chochote: anaruhusiwa, anazuiwa, anakubali kwamba. Na pale mwanzoni, ile kelele ya herufi kubwa inawaelekeza Wamarekani kwenye kifungu kinachosema wakigombana na kampuni wataenda kwa msuluhishi badala ya kujiunga pamoja kortini. Mtu wa Kitale anayeanza kusoma kwa nia njema anakutana kwanza na kelele isiyomhusu. Wengi huachia hapo, na siwalaumu.

GPL inaanza na hasira. Utangulizi wake unasema leseni nyingi za programu zimetungwa ili kukunyang'anya uhuru wa kugawana na kubadilisha, na kwamba hii imetungwa ili uhuru huo usiguswe. Ni kama wakili anayefungua kesi kwa hotuba ya mazishi. Kisha inaingia kwenye ujanja wake, na ujanja wenyewe ni mtamu: ukimpa mtu programu, mpe na msimbo, yaani yale maandishi ambayo binadamu aliandika kabla mashine haijayameza, na ukiibadilisha ukaigawa, igawe kwa masharti yaleyale uliyopewa wewe. Sheria ya hakimiliki, iliyotungwa ili mlango ufungwe, hapa inashikilia mlango ubaki wazi. Katika hadithi tungeita hiyo njama nzuri. Baada ya hapo maandishi yanakauka kama mkonge. Vifungu vya katikati sitampendekezea mtu yeyote anayetaka kubaki macho.

Halafu mwishoni kuna kitu kilichonichekesha. GPL nayo inapandisha sauti, herufi kubwa tupu, na inachosema ni kilekile ambacho leseni ya Windows inasema kwa maneno mengine: programu ikikuharibia kazi, usije kwetu. Maadui wa miaka mingi, na hapo wanakubaliana kabisa. Hasara ni yako.

Tofauti yao imekaa kwenye neno moja, na neno hilo Kiswahili kinalishughulikia vizuri kuliko Kiingereza, halafu kinaliharibu. Wazungumzaji wa Kiingereza wana neno moja linalobeba uhuru na pia bei ya sifuri, ndiyo maana wafuasi wa Stallman wamekuwa wakifafanua kwa miaka kwamba wanamaanisha uhuru kama wa kusema, si bia ya kununuliwa na rafiki. Sisi tuna maneno mawili tofauti kabisa, huru na bure, na juu yake tuna huria, ambalo ndilo limeshika: programu huria. Ungedhani tumewashinda. Lakini hebu sikiliza vile tunavyolitumia neno bure. Nimefanya kazi bure. Amepigwa bure. Kijana bure kabisa. Mwambie mwenye duka la kuchapisha pale Bungoma kwamba LibreOffice ni ya bure, uangalie uso wake. Hajasikia "huhitaji kulipa". Amesikia "haina maana". Na ana swali la haki kabisa: kama mimi silipi, anayelipa ni nani, na anataka nini kwangu?

Swali hilo nitalirudia. Kwanza nitembee shambani kidogo, kwa sababu mtu wa Kitale hakuhitaji kompyuta ili kuelewa leseni ni nini. Mji huu ni wa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianza hapa mwaka 1956. Mwaka 1964 ikaja H611, chotara ya kwanza ya mahindi Kenya, iliyopatikana kwa kuvusha Kitale Synthetic II na mahindi ya kutoka Ecuador. Baadaye ikaja 614, ambayo kuna wazee hawataki kusikia nyingine. Kwa hivyo mkulima wa Trans Nzoia anajua kitu ambacho huko chuoni wanakifundisha muhula mzima: kuna mbegu unayoila, unayoiweka, unayompa jirani, na kuna mbegu ambayo lazima urudi dukani msimu ukianza. Chotara ukiirudisha udongoni, mavuno yanashuka. Shamba linakuwa la vimo vya kila aina, kama watoto wa nursery wamepangwa na darasa la nane. Hakuna askari aliyekuzuia kuirudia. Mmea wenyewe umekataa.

Sasa chukua Word. Nakala ya kumi haishuki mavuno. Nakala ya milioni moja ni sawasawa na ya kwanza. Ile kazi ambayo baiolojia inamfanyia muuza mbegu, muuza programu lazima aifanye kwa sheria na kwa kufuli. Ndiyo maana kuna namba ya siri ya bidhaa, ndiyo maana kuna yale maandishi ya kijivu kwenye kona ya chini ya skrini yanayokuambia uende kwenye mipangilio uiamilishe Windows, ambayo nadhani ndiyo sentensi inayosomwa zaidi katika saiba za Bungoma. Hata ile stika ya KEPHIS kwenye pakiti ya mbegu, ile unayokwangua ukatuma namba kwa SMS, ni binamu yake. (Stika hiyo naitetea. Mbegu feki zimelaza watu njaa.)

Na kwenye mbegu sheria haikukosa. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa kuwa kosa, faini hadi shilingi milioni moja au jela hadi miaka miwili. Mwaka 2022 wakulima 15 walienda kortini. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka katiba. Sijasikia mtu akiwaita wale wakulima wezi, wala mashabiki wa teknolojia. Waliuliza kitu kidogo: maharagwe ambayo bibi yangu aliyaweka, naweza kumpa jirani? GPL inauliza hilohilo, na kwangu mkulima ameliuliza vizuri zaidi.

Hapo pia ndipo napata jibu kwa wale wanaosema uhuru wa kusoma msimbo una faida gani kwa mama mboga asiyejua hata mstari mmoja. Kijijini si kila mtu anajua kuchagua mbegu. Kuna mama mmoja anayejua gunzi la kuliacha na la kulitundika juu ya moshi jikoni, na kijiji kizima kinapanda kwa sababu yake. Ukimpiga marufuku yeye, umewapiga marufuku wote, hata wale ambao hawakuwahi kujua kwamba wana ruhusa.

Sawa. Lakini najua kuna msee anasoma hapa anacheka: wewe unaongea leseni kana kwamba kuna mtu hapa ana leseni. Ni kweli. Kati ya Kiminini na Kanduyi njia inayotumika sana ni ya tatu: fundi, flashi, shilingi mia tano. Fundi anaingia nyuma ya meza, anavunja kufuli, anakuambia usiwahi kukubali ikisema inataka kujisasisha, na unaenda nyumbani na kila kitu. Watu wengi wanaona huo ndio ushindi wa mnyonge. Wazungu wanatuibia kahawa, sisi tunawaibia Excel. Nimewahi kuipenda hiyo hoja, ni tamu mdomoni. Lakini ifuatilie hadi mwisho.

Kuna mama mmoja Kitale, mweka hazina wa chama cha akina mama ishirini na wawili. Rekodi zote za michango yao ziko kwenye programu ya hesabu ya kampuni moja kubwa ambayo sitaitaja, kopi ya fundi. Siku moja alinipigia simu niende.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa. Hiki kinataka nini?"

"Kinasema muda umeisha, Mama. Unaweza kuangalia, lakini huwezi kuandika."

"Lakini haya ni majina yetu."

"Ni yenu."

"Na pesa ni zetu."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa anayetufungia ni nani?"

Nimesoma makala ndefu za kisheria kuhusu umiliki wa programu ambazo hazijafika kwenye swali hilo. Nilimfungulia faili kwa LibreOffice. Majina yote ishirini na mawili yalikuwepo, na jumla zilikubaliana. Lakini rangi alizokuwa ameweka kwa wale wanaodaiwa zilikuwa zimebadilika, safu zilikuwa zimesukumana, na menyu haikuwa pale mkono wake ulipozoea kwenda. Akaangalia, akaangalia. "Vyote viko," akasema, "lakini hii si ile." Kesho yake akarudi kwa fundi na mia tano nyingine. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Aliniambia jembe halibadilishwi katikati ya palizi, na sikuwa na la kumjibu.

Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa na miaka ishirini, aliwaandikia wapenda kompyuta wa Marekani barua ya wazi akiwakaripia kwa kunakili programu yake ya BASIC bila kulipa. Mwaka 1998, akiongea Chuo Kikuu cha Washington, aliongea kama mtu aliyekua: alisema kuhusu China kwamba watu huko hawalipii programu, lakini kama wataiba, basi afadhali waibe zetu, kwa sababu watazoea kama mraibu, na namna ya kukusanya pesa itatafutwa baadaye. Barua ya kwanza imeandikwa vizuri. Kauli ya pili ndiyo inayotuhusu. Kopi ya fundi haijamwibia mtu soko. Ni sampuli, kama ile sabuni ndogo wanayogawa kwenye roadshow. Na hapa Kitale imefanya kazi moja zaidi: imeiua faida pekee ambayo LibreOffice ingekuwa nayo kwa mtu asiye na pesa. Zote zinaingia kwa fundi yuleyule kwa mia tano ileile. Bure inashindana na bure, na hapo jina kubwa linapita bila jasho. Tunabaki hatuna haki za mnunuzi, maanake huwezi kumpigia mtu simu kulalamika kuhusu kitu ulichovunja mlango wake, na hatuna uhuru wa programu huria. Tuna mia tano na namba ya fundi.

Na fundi alijifunza wapi? Pakeji. Nani hajafanya pakeji? Ukimaliza kidato cha nne, kabla hata matokeo hayajatoka, mzazi anakutafutia chuo juu ya duka la dawa, pale Bungoma ziko kila barabara, na unaenda miezi miwili mitatu. Unafunzwa utangulizi wa kompyuta, Windows, Word, Excel, Access, PowerPoint, Publisher, kisha intaneti. Unapewa cheti chenye kibandiko cha dhahabu. Ukikiangalia kama mhakiki, kile cheti ni orodha ya bidhaa. Ni kama usomee upishi halafu cheti kiseme umehitimu Kimbo, Royco na Blue Band. Lakini sisi ni watu wa nchi ambako mtu anaingia dukani anasema nipe Colgate ya Close-Up, nipe Omo ya Ariel. Jina la bidhaa ya kwanza ndilo linakuwa jina la kitu. Kwa hivyo mwanafunzi hatoki pale akijua kwamba kuna kitu kinachoitwa jedwali la hesabu, ambacho Excel ni aina mojawapo. Anatoka akijua Excel. Akiona LibreOffice Calc haoni ndugu wa kitu anachokijua, anaona feki. Kama viatu vya Adidos.

Hili ndilo ninalotaka kulisema kwa sauti kuhusu uchaguzi. Huwezi kuchagua kati ya vitu viwili kama ulichofundishwa ni kwamba kimoja ndicho kitu chenyewe. Vyuo hivyo havina njama. Vinafundisha kile ambacho tangazo la kazi linataka, na tangazo linataka "ujuzi wa MS Office" kwa sababu aliyeliandika naye alifanya pakeji. Hata herufi tunazoandikia zina mwenyewe. Calibri, ambayo kwa miaka kama kumi na sita ilikuwa sura ya kila CV ya Kenya, ni mali ya Microsoft; ifungue kwenye kompyuta ya Linux isiyo nayo na CV yako ya kurasa mbili inaweza kumwaga mstari mmoja kwenye ukurasa wa tatu. Jaribu kumweleza hilo mtu wa ofisi ya kuajiri.

Lugha yetu yenyewe ilishapata nafasi katika hadithi hii, na wengi hawajui. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi, huria, menyu kwa Kiswahili. Walikaa chini wakaunda istilahi kwanza, wakaanza kutafsiri, wakagawa. Hawakuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu leseni ilikuwa imeshawapa. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kwamba inaandaa Kiswahili, na Kiswahili cha Windows kikaja baadaye. Napenda kuwaza kwamba mmoja aliongeza mwendo kwa kumwona mwenzake, ingawa sijui kilichozungumzwa vikaoni. Ninachojua ni kwamba huku kwetu Kenya hakuna aliyetumia zote mbili. Tuna walimu waliotukaririsha tarakilishi, ngamizi, kipakatalishi na rununu kwa ajili ya Insha, lakini mtu aliyekariri pakeji kwa Kiingereza akiona "Hariri" anadhani kompyuta imeshikwa na virusi. Pia, tuseme ukweli, watu wa programu huria ni wazuri wa kuanzisha na wabaya wa kukaa. Tafsiri inahitaji mtu wa kuipalilia kila toleo jipya linapotoka, miaka kumi, miaka ishirini, bila makofi. Msaada wa wafadhili huwa hauna pumzi hiyo.

Ndiyo maana mfano ninaouheshimu zaidi hauko ofisini. Uko kliniki. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Mpango wao wa HIV, AMPATH, ukawa mkubwa kuliko mfumo ule wa kwanza. Mwaka 2004 wataalamu wa Indiana wakaungana na wenzao wa Partners In Health wakaanza kuandika mfumo mpya, OpenMRS, na mwaka 2006 ukawashwa Eldoret. Msimbo wake uko wazi. Kliniki za AMPATH zilifika Kitale, zilifika Webuye. Baadaye, juu ya OpenMRS hiyohiyo, ikajengwa KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya umma. Yaani programu huria iliyokulia hapa Bonde la Ufa, leo iko katika nchi nyingi duniani, na imekuwa ikimkumbusha karani wa kliniki ni nani hakuja kuchukua dawa. Karani hajui leseni yake. Hakuulizwa kama anataka programu huria. Ilifanya kazi kwa sababu kuna taasisi iliyoamua, ikafundisha watu, ikakaa.

Na sasa lile swali la mwenye duka la Bungoma: nani analipa? Hapa sehemu kubwa ililipwa na mlipa kodi wa Marekani kupitia PEPFAR. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilipositisha misaada ya nje, watu waliokuwa wakiitunza mifumo hii waliambiwa waache kazi. Mwenye duka alikuwa sahihi kushuku. Tofauti ni moja tu, na si ndogo: mfadhili akiondoka, msimbo unabaki. Kama serikali ya Kenya ikitaka, au kaunti, au vijana watano wenye hasira kutoka Chuo Kikuu cha Moi, wanaweza kuendelea pale ulipoachwa. Hakuna anayeweza kuwaambia muda umeisha, unaweza kuangalia lakini huwezi kuandika.

Kwa hivyo linganisha na kilichofuata. Oktoba 2024 NHIF ilizikwa, tukapewa SHA, na pamoja nayo mfumo mpya wa kidijitali wa afya wa shilingi bilioni 104.8 kutoka kwa muungano wa kampuni ukiongozwa na Safaricom, pamoja na Apeiro na Konvergenz. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, ikatufikia. Inasema ununuzi haukuwa wa ushindani, na kwamba mfumo wenyewe, pamoja na haki zake za ubunifu, si mali ya serikali. Unisome vizuri: sisemi kila kitu cha serikali lazima kiwe huria, na sisemi kampuni isilipwe kwa kazi. Wanaoandika programu wanakula pia. Nasema kwamba yule mama wa Kitale aliuliza swali kuhusu majina ishirini na mawili, na hapa kuna majina ya nchi nzima, magonjwa yetu, wajawazito wetu, na swali ni lilelile. Mtu anayeingia hospitali ya Webuye leo anasajiliwa kwenye mfumo ambao hakuchagua, kama vile sikuchagua Windows yangu. Lakini Windows yangu naweza kuifuta jioni hii.

Ripoti ya Gathungu iko kwenye tovuti ya ofisi yake, yeyote anaweza kuipakua. Ni ndefu kuliko leseni zote mbili nilizozihakiki hapa, haina utangulizi wenye hasira wala shukrani kwa kuchagua, na kwa mtu anayetaka kuanza kusoma maandishi ya aina hii, ningesema aanzie huko.